Mbwa Anayeogopa Radi: Mzoeshe kwa Simu na Mukene

Habari zenu, karibuni tena uani kwangu hapa Entebbe. Huyu ni Simba, na jina hilo ni la kumchokoza tu, maana radi ikipiga yuko uvunguni. Nanyi mnazijua mvua za huku ziwani: ngurumo juu, mabati yanaitikia. Mimi daktari wa mifugo, asubuhi ng'ombe, jioni huyu.

Kwanza mpapase. Masikio, meno, mgongo, nyonga. Akiruka ukimgusa mahali, funga video hii umpeleke kliniki, maana mbwa mwenye maumivu hushtushwa na kelele upesi zaidi. Haya, tuendelee.

Unataka simu, spika ndogo, rekodi ya radi na mukene wakavu, yaani dagaa wa ziwani. Hawa nawauza mimi, wamesafishwa mchanga wote na hawana chumvi. Ila vipande vya ini vya kuchemsha navyo vinafaa, sigombani na mtu.

Sasa weka simu kwenye hali ya ndegeni. Narudia: hali ya ndegeni! Mwaka jana nilisahau, shemeji akapiga katikati ya zoezi, mlio wote ukatokea kwenye spika. Banange! Simba aliondoka na wavu wa mlango. Siku tatu hakuisogelea spika hata kwa nyama, ikabidi nianze upya. Basi angalia simu yako. Umeangalia? Angalia tena.

Sauti ianzie pale ambapo wewe mwenyewe unajiuliza kama inacheza. Tazameni sikio lake... limegeuka, limerudi. Safi. Radi, mukene. Radi, mukene. Radi itangulie, samaki afuate. Ukigeuza, atajifunza kuwaogopa mukene, na mimi nitakosa wateja.

Napandisha sauti alama moja. Radi, mu... subirini. Sogea na kamera, sogea. Mmeona? Analamba midomo na mdomoni hana kitu, na weupe wa jicho umetokeza. Hiyo ni alama moja tu, jamani. Nashusha mbili. Akipiga miayo, akigeuza uso, au akikataa chakula, ujue umeshapita mpaka. Kukataa chakula ni kule mwisho kabisa, usingoje ufike huko. Dakika tano, mara mbili kwa siku, halafu mwache akacheze.

Zoezi hili lianze miezi mikavu, Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari, kabla mvua hazijakuharibia kazi. Radi ya kweli ikija katikati, usifundishe kitu. Chumba cha ndani, pazia, redio juu kidogo. Akija kwako, mkumbatie. Wazee watasema unamdekeza. Hofu si utundu. Haiongezeki kwa sababu umemshika.

Wako ambao mukene pekee hawatoshi: anajikwaruza mpaka damu, anavunja madirisha. Hapo daktari anaweza kumwandikia fluoksetini, kidonge cha kila siku cha kupunguza hofu. Inachukua wiki kadhaa kuonekana, kwa hiyo usianze Jumatatu ukaitupa Jumatano, na usiikatishe ghafla bila kumuuliza daktari. Zipo pia dawa za kumpa saa chache kabla ya mvua. Ninayoikataa ni acepromazini, dawa ya kulegeza mwili, ikitolewa bila nyingine. Mbwa analegea, analala kimya, nyumba nzima inasema amepona, kumbe hofu iko palepale, miguu tu ndiyo imemwishia. Na vidonge vyako vya usingizi viache kabatini.

Kesho, kama leo alikula bila kusita, alama moja. Si mbili. Alama mo... Simba! Ametumbukiza kichwa chote kwenye pakiti, na radi bado inanguruma pale kwenye spika. Hapana, siongezi leo, msinishawishi. Zima kamera nimnyang'anye, hao ni wa mteja.