Wazee wa hotirodi Utah: gari la 1930, injini ya V8, na uwanda wa chumvi

Haya jamani habari zenu, mambo vipi wote mlioko Dar, Moro, Mombasa, Bukavu na popote mnaponiangalia, mama yangu shikamoo najua unaangalia kwenye simu ya mdogo wangu. Leo sio video ya kazi wala makaratasi wala bei ya nyumba, leo ni magari tu, na sio magari ya shorumu. Nataka muwajue hawa watu wa hotirodi maana tangu nihamie huku Salt Lake City ndio watu ambao nimewakubali kabisa, kutoka moyoni.

Kwa asiyejua nieleze haraka. Unachukua gari la zamani hasa, mara nyingi Ford ya miaka ya 1920 au 1930, unalivua kila kitu kisichosaidia mwendo, madigadi nje, bampa nje, saa nyingine mpaka boneti linatoka, unalishusha chini, unalipiga injini kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, halafu unaliendesha. Hapo kwenye kuliendesha ndio penyewe. Sio la kufunika turubai.

Watu wananiambia aah hao wazungu wana hela za kuchezea. Hapana jamani, na hili nalisema kwa sababu linaniuma kidogo, wapo matajiri wanaonunua hotirodi iliyokwisha kutengenezwa kwa pesa ndefu, wapo kweli, lakini hii kitu haikuanzia kwa matajiri. Ilianzishwa na vijana wa kusini mwa California miaka ya 1930, vijana hawana kitu mfukoni, nchi iko kwenye mdororo wa uchumi, wakawa wananunua Ford Model T zilizochoka, na zilikuwa nyingi kweli kwa sababu Ford waliuza zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Wanavua vyuma, wanapunguza uzito, wanakwenda nazo kwenye maziwa yaliyokauka jangwani kule Muroc na El Mirage, ardhi imenyooka haina hata kichaka, wanashindana nani ana mwendo. Mwaka 1937 klabu zao zikaungana wakaanzisha chama chao cha kupima mbio, SCTA, ili kuwe na saa ya kupimia na utaratibu, maana watu walikuwa wanaumia. Chama hicho kipo mpaka leo.

Sasa njooni gereji kwa jirani yangu. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, kaomba nisimtaje jina wala nisionyeshe nyumba, sawa mzee wangu, tunaonyesha gari tu. Alikuwa fundi umeme wa majumbani, amestaafu. Bodi mnayoiona ni Ford Model A ya 1930, kupe ya milango miwili, aliikuta imekaa shambani miaka na miaka sakafu yote imeliwa na kutu. Chasisi sio yake, ni ya muundo wa Ford ya 1932, maana chasisi ya Model A ni nyembamba ukiibebesha V8, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V, inajipinda, na hilo sio wazo lake yeye, watu wa hotirodi wanaoanisha hivyo miaka mingi, bodi ya A juu ya chasisi ya 32. Gia boksi ya Ford ya 1939. Breki za mafuta za Ford ya 1940, kwa sababu Ford alichelewa sana kwenye breki, mpaka 1938 breki za magari yake zilikuwa zinavutwa na vyuma tu, unakanyaga pedali fimbo zinavuta, hakuna mafuta ya breki wala nini. Kwa hiyo ukiacha injini, gari moja lina vitu vya magari manne na vyote vimekaa kama vilizaliwa pamoja.

Nilikuwepo wakati anakata paa. Ndiyo, wanakata paa, wanalishusha ili gari lionekane limelala na upepo usilipige sana. Kwanza alichomelea vyuma ndani ya bodi, kutoka nguzo hii kwenda ile, ili akikata bodi isiachie ikapinda. Akapima kwa tepu, akabandika karatasi ya gundi kuzunguka kila nguzo, mistari miwili, kati yake inchi 3. Halafu grenda. Cheche mpaka mlangoni. Tukainua paa watu wanne, akatoa vile vipande, tukalishusha, likakaa palepale. Akaniambia hii ni rahisi sababu nguzo za Model A zimesimama wima, ungekuwa unakata gari la 1934 ambalo nguzo za mbele zimelala, ukilishusha paa linakuwa fupi halikutani na nguzo, inabidi ulipasue katikati uliongezee bati. Kisha kuchomelea, na hapa ndio nilikaa kwenye kigoda nikaangalia mpaka mwisho. Hachomi mstari mrefu. Anachoma tone moja hapa, anahama upande wa pili anachoma jingine, anaweka tochi ya kuchomelea chini anasubiri, anagusa bati kwa nyuma ya mkono kuona limepoa, ndio anarudi. Ukikimbilia bati linapata moto linajikunja na hulirudishi tena. Kazi ya nguzo zile ilimchukua mpaka usiku, na hakuna aliyemlipa hata senti.

Na mimi pale nikawa nawafikiria mafundi wa magari wa Gerezani, Dar. Nasema kweli kabisa, kile alichokuwa anafanya mzee kuna fundi wa bodi pale anakifanya kila siku juani, Hiace imegongwa imekuwa chapati anaivuta anainyoosha mpaka abiria wanapanda tena, halafu sisi tunampigia kelele kwenye bei. Huku mtu mwenye mikono hiyo anasimamishwa kwenye maonyesho watu wanampiga picha wanamwomba awafundishe watoto wao. Mafundi wetu wanastahili heshima hiyohiyo.

Turudi kwenye injini maana hii ndio roho ya kitu chote. Mwaka 1932 Ford akatoa V8 ya bei ya mtu wa kawaida, gari zima jipya la wazi lilikuwa chini ya dola 500. Kabla ya hapo V8 ilikuwa ya magari ya wakubwa. Siri ilikuwa kwenye kumimina chuma, walifanikiwa kumimina bloku nzima kipande kimoja badala ya kuunganisha vipande, ikawa rahisi kutengeneza nyingi. Ilikuwa na hosipawa 65, nyie msicheke, Model A ya mwaka uliotangulia ilikuwa na 40. Wenyewe wanaiita flatihedi, kwa sababu valvu zimelala ndani ya bloku pembeni ya silinda, hedi ya juu haina kitu ndani, ni bapa tu. Ilitengenezwa Marekani mpaka 1953, na hii ya mzee ni ya miaka ya mwishomwisho hiyo.

Ila ina ugonjwa wake na kila mwenye nayo anaujua. Inachemsha. Njia za moshi hazitoki moja kwa moja nje, zinapita katikati ya bloku, zinapita kwenye maji, yaani moto wote wa ekzosi unapasha maji ya rejeta kabla haujatoka. Ndio maana ina pampu mbili za maji na mipira ya rejeta mara mbili. Na ikichemshwa miaka mingi bloku inapasuka, ufa mdogo kati ya valvu na silinda, huuoni kwa macho. Kwa hiyo ukisikia mtu kapata flatihedi usimpongeze kwanza, muulize kama imepimwa. Wanaisafisha, wanaitia sumaku, wanamwaga unga wa chuma, unga unakusanyika pale penye ufa unauona mstari. Mzee alipima bloku kadhaa kabla ya kupata hii. Bloku ikiwa nzima hapo sasa anaanza kuongeza, kamshafti kali zaidi, ile shafti inayofungua valvu, hedi za aluminiamu, kabureta mbili za Stromberg 97 ambazo zilikuwa za kiwandani kwenye Ford za miaka ya 30 na watu mpaka leo wanazigombania. Kuzifanya kabureta mbili zivute hewa sawasawa anaweka sikio. Ana mpira mwembamba, ncha moja sikioni nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza mvumo, anahamia nyingine, anageuza skrubu kidogo sana, anarudi ya kwanza. Zikilingana injini inatulia ghafla, mlio unakuwa mzito wa chini, nawawekea muusikie... mmeusikia huo? Hauna mwenzake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuisha 1945 ndio mambo yakachanganya, vijana wamerudi kutoka jeshini wamejifunza ufundi wa ndege na vifaru, wana vijisenti vya jeshi. Mmoja wao, Bill Burke, mwaka 1946 alichukua tenki la mafuta la ndege ya kivita, yale yanayoning'inizwa chini ya bawa, akaweka injini ndani, akakaa ndani akakimbia nalo. Polisi na magazeti waliwaona wahuni, na kweli wapo waliokuwa wanashindana barabarani usiku na watu wakafa, ndio mwaka 1951 Wally Parks na wenzake wakaanzisha NHRA, chama cha hotirodi cha nchi nzima, ili mashindano yatoke mtaani yaende uwanjani. Hilo napenda vijana wetu wa bodaboda na wa Subaru walisikie, lile la kutoka barabarani.

Sasa Utah inaingiaje. Kilomita kama 180 magharibi ya hapa, mpakani na Nevada, kuna Bonneville, uwanda wa chumvi tupu, mweupe, umenyooka mpaka macho yanachoka, barabara kuu ya I-80 inapita pembeni. Maziwa ya California yalianza kuwa mafupi kwa mwendo wao, mwaka 1949 wakaja hapa wakafanya wiki yao ya kwanza ya mbio, Speed Week, na mpaka leo ni kila Agosti chumvi ikikubali. Mwaka ule wa kwanza gari la So-Cal Speed Shop, duka la vifaa vya hotirodi la California, lenye flatihedi lilikaribia maili 190 kwa saa, mwaka uliofuata likavuka 200. Injini hiyohiyo ya babu! Na hata kabla yao, Salt Lake City ilikuwa na meya dereva, Ab Jenkins, mtu wa hapahapa, alikuwa anavunja rekodi Bonneville na watu wakamchagua meya hata kampeni hakuhangaika nayo.

Hakuna zawadi ya pesa Speed Week. Narudia, hakuna. Mtu ametumia akiba yake miaka kumi, anapanga foleni juani tangu alfajiri, anakimbia dakika chache, akipita rekodi gari linafungiwa sehemu maalum, kesho yake asubuhi anakimbia tena, wanachukua wastani wa mbio mbili. Akifanikiwa kuvunja rekodi juu ya maili 200 anaingia klabu iliyoanzishwa 1953 na anapata kofia nyekundu. Kofia. Nimewaona wazee wanaivaa mpaka imepauka na hawataki nyingine.

Na chumvi haikubali kila mwaka, 2014, 2015 na 2022 walifuta kabisa, chumvi ilikuwa na maji au tope. Halafu inapungua unene, wengi wanalaumu uchimbaji wa potashi, madini ya mbolea, jirani na pale uliokuwa unavuta maji ya chumvi, wakaanza kuyarudisha mwishoni mwa miaka ya 90, lakini ukiwasikiliza wakongwe njia ya kukimbilia imefupika sana kuliko zamani. Wanaizungumzia kama watu wa pwani wanavyozungumzia samaki kupungua, na mimi nawaelewa.

Kitu nilichokipenda kuliko mbio ni maegesho. Watu wanakuja wanaendesha hotirodi zenyewe kutoka California, Colorado, Idaho, hakuna kiyoyozi, hakuna redio, hakuna madirisha, mama na baba wa miaka sabini wamevaa miwani ya vumbi, jioni pale Wendover, mji mdogo jirani na Bonneville, magari yamepangwa nje ya moteli kila mtu yuko chini ya gari la mwenzake. Mtu kaharibikiwa pampu ya mafuta, asiyemjua anafungua boksi lake anampa, chukua. Na kabla ya kurudi nyumbani ni kuosha chumvi chini ya gari, kila kona, maana ukiiacha inakula chuma kwa haraka ajabu.

Ombi langu kwenu sasa. Kule kwetu kuna Peugeot 504 za babu zimekaa nyuma ya nyumba, gari lililoshinda Safari Rally 1975 na 1978, kuna Land Rover 109, kuna Datsun za pikapu, na kila mwezi kuna mtu anakuja na mizani ya vyuma chakavu. Msiuze kwa kilo. Hata kama injini imekufa bodi ikiwa nzima ina kazi, Joginder Singh wa Kericho alichukua Safari ya 1965 kwa Volvo ambayo ilishatumika na wengine kabla yake. Yapigeni picha mnitumie, chasisi, namba ya injini, hali ya sakafu, na kama kuna fundi mzee mtaani aliyewahi kuifungua mwambieni aseme, nitaweka sauti yake hapa kwenye video.

Speed Week ikifika nitakwenda na kamera mchana kutwa, mzee kasema kama breki zitakuwa tayari tutaendesha hilihili mpaka Wendover. Nimuwahi sasa, anapiga honi pale, nikakanyage pedali yeye yuko chini anatoa upepo kwenye breki. Mama, wasalimie wote, nitapiga Jumapili.