Mshahara wa Jini la Moto

SUDI: Haya, karibuni tena. Rehema yupo, mimi nipo, na leo nimekuja na kisa.

REHEMA: Mnaisikia hiyo sauti? Imekauka. Huyu ameongoza mchezo wetu wa kuigiza mezani wiki hii, ule wa panga na uchawi, na wachezaji wamemfanya wanavyotaka.

SUDI: Wamenifanya, sikatai. Ni wale wale mnaowajua. Tuko mezani, wako mbele ya lango la ngome, chuma kitupu. Nimewaandalia mlinzi wa kuhongwa, mtaro wa maji machafu wa kupenya, na wimbo wa kale wa kulifungua lango. Wimbo nimeutunga mwenyewe.

REHEMA: Beti ngapi?

SUDI: Usinitonese. Hakuna aliyeuuliza huo wimbo. Yule mchawi wetu, yule ambaye uchawi wake wote ni kupasha vitu moto, akaniuliza, "Jikoni kuna sufuria kubwa la shaba?" Nikasema lipo. Akasema analijaza maji nusu, analiziba, analisukuma chini ya lango, halafu anapasha.

REHEMA: Analiziba kwa kitu gani?

SUDI: Nta.

REHEMA: Nta! Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu. Maji hayajawaza kuchemka, kifuniko kishaachia.

SUDI: Ndivyo nilivyomwambia, kwa furaha kabisa, nikijua nimembana. Akamgeukia mwenzake mwenye kombeo, akamwambia, "Nipe zile gololi zako za madini ya risasi." Risasi inataka nyuzi 327 ndipo iyeyuke. Wakaiyeyusha, wakaimimina kuzunguka kifuniko, ikaganda. Sasa maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na nafasi hakuna.

REHEMA: Sufuria ndilo lingepasuka.

SUDI: Lilipasuka! Ndiyo ilikuwa kazi yake. Lango likaondoka na kipande cha ukuta.

REHEMA: Sawa, hapo sina ugomvi. Huyo ni mchezaji mwerevu. Ugomvi wangu unaanza na kile ulichoniandikia usiku ule, kwamba sasa wanataka kujenga treni.

SUDI: Wanataka treni, na mimi nitawapa.

REHEMA: Na ndiyo mada ya leo, jamani. Mvuke una nafasi gani kwenye ulimwengu wa panga na uchawi? Tumeandaa mambo matatu ya kumsaidia anayejenga ulimwengu wake, tutayafikia. Ila kwanza, Sudi, treni inatafuta nini humo?

SUDI: Inatafuta abiria. Hebu nikuulize mimi. Shujaa wako anavaa nini?

REHEMA: Deraya ya chuma. Mwili mzima.

SUDI: Deraya ya mwili mzima ilikamilika karne ya 15, na wakati huo bunduki zilikuwa zimeshaanza Ulaya. Sasa Heron wa Aleksandria, karne ya kwanza, aliandika kuhusu tufe la shaba lenye mirija miwili iliyopinda. Chini moto, ndani maji, mvuke ukitoka kwenye mirija tufe linazunguka. Kwa hiyo mvuke ni wa zamani kuliko deraya ya shujaa wako kwa miaka zaidi ya elfu. Ukitaka kufukuza kitu kwa sababu ya umri, anza na deraya.

REHEMA: Na lile tufe lilifanya kazi gani?

SUDI: Lilizunguka.

REHEMA: Lilizunguka! Halikuvuta maji, halikusaga nafaka. Watu wakalitazama, wakaenda zao. Hapo umenisaidia. Kujua kwamba mvuke unasukuma ni jambo moja, kuwa na injini ni jambo jingine. Injini inataka silinda iliyo mviringo kweli kweli, pistoni ipite bila kuachia mvuke pembeni. James Watt alipata hataza yake mwaka 1769, lakini injini zake za kwanza za kazi zilifungwa 1776. Kilichomkwamisha zaidi ni silinda, mpaka John Wilkinson akaja na mashine ya kukereza matundu ya mizinga ya vita. Mizinga, Sudi! Injini nzuri ya mvuke ni mtoto wa mzinga. Nyinyi mnataka treni halafu mizinga hamna, bunduki hamna, watu bado wanachomana na mikuki. Hiyo treni imezaliwa na nani?

SUDI: Na vibeti. Vibeti wana uchawi wa chuma, wanakereza silinda kwa wimbo.

REHEMA: Basi ni uchawi. Ungefanya gari la uchawi ukamaliza, ukaniondolea moshi.

SUDI: Ngoja, wachezaji wangu wameliona hilo, na hapa ndipo kisa kinanoga. Mchawi wetu anapasha moto mara chache tu kwa siku, akichoka kachoka. Kwa hiyo wakaenda mlimani kukamata jini la moto walitie ndani ya tanuru la boila.

REHEMA: Subiri. Jini?

SUDI: Jini. Na hilo sikulibuni mimi. Eberron, ile dunia ya mchezo wa Dungeons & Dragons iliyotoka 2004, ina meli za angani zenye pete ya moto kiunoni. Ile pete ni kiumbe wa moto aliyefungwa. Wangu nimemwita jini kwa kuwa anaongea.

REHEMA: Akasema nini?

SUDI: Akasema, "Nitalipwa nini?"

REHEMA: Nampenda! Huyo jini apewe kipindi chake.

SUDI: Meza nzima ikanyamaza. Mwishowe mmoja akasema, "Tutakulipa dhahabu." Jini akaishika, ikayeyuka.

REHEMA: Dhahabu haimfai moto. Moto unataka kuni.

SUDI: Ndivyo walivyofikia, wakaahidi kumlipa kuni. Mzigo mmoja asubuhi, mmoja jioni.

REHEMA: Sudi. Ukimlipa jini la moto kuni, anaufanyia nini huo mshahara?

SUDI: Anaula.

REHEMA: Ndani ya tanuru?

SUDI: Ndani ya... eh.

REHEMA: Kwa hiyo mna tanuru linalochoma kuni! Mmepanda mlima, mmeungua nyusi, mmerudi na moto wa kawaida wenye malalamiko!

SUDI: Lakini moto huu unajiwasha wenyewe alfajiri.

REHEMA: Na ataomba likizo. Ataomba posho ya safari, kwa sababu treni inasafiri, hiyo hukuifikiria. Kila kituo posho.

SUDI: Analala ndani ya treni, posho ya nini?

REHEMA: Dereva naye yuko ndani ya treni. Mkataba ni mkataba.

SUDI: Haya, tuseme kagoma. Jini kazima moto katikati ya safari. Unajua kinachotokea?

REHEMA: Treni inasimama.

SUDI: Inasimama, na boila linapoa. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji. Kilichojaza boila zima sasa kinakaa sakafuni, juu yake hakuna kitu, na hewa ya nje inakandamiza. Boila lisilo na valvu ya kuingiza hewa linaweza kubonyea lote.

REHEMA: Subiri, subiri. Hiyo ni injini ya Newcomen.

SUDI: Ipi?

REHEMA: Ya 1712, ile ya kutoa maji kwenye mgodi wa makaa ya mawe karibu na Dudley, Uingereza. Watu wanadhani mvuke ndio uliosukuma. Hapana. Mvuke uliingia kwenye silinda, halafu wakaunyunyizia maji ya baridi ndani humo humo. Ukanywea, ikabaki ombwe, hewa ya nje ikaishindilia pistoni chini. Kazi ilifanyika pale mvuke ulipopozwa.

SUDI: Kwa hiyo...

REHEMA: Kwa hiyo mgomo ndio unaofanya kazi! Huna haja na jini mtiifu. Unahitaji jini mgomvi, anayefanya kazi na kugoma, anafanya kazi na kugoma. Injini ile ilipiga mapigo 12 kwa dakika.

SUDI: Migomo 12 kwa dakika!

REHEMA: Na kila mgomo unapandisha lita 45 hivi za maji. Chama cha wafanyakazi hakijawahi kuwa na tija kama hiyo.

SUDI: Sasa nani anasuluhisha migomo 12 kwa dakika?

REHEMA: Jini la baridi. Ndiye meneja. Anaingia, anamtazama mwenzake, joto linashuka, anatoka.

SUDI: Naye analipwa nini?

REHEMA: Barafu.

SUDI: Ambayo jini la moto analalamika imewekwa karibu na chumba chake.

REHEMA: Anaandika barua. Barua inaungua.

SUDI: Sawa, sawa, tumepotea. Turudi. Aisee, mbavu zangu.

REHEMA: Hatujapotea sana. Maana cheka ucheke, hapo ndipo pananiuma. Angalia tulichomfanya jini. Ameingia mezani kwenu ni moto wa mlimani unaoongea, mtu anasimama mbali, hajui amwombe au amkimbie. Baada ya nusu saa tunajadili posho zake. Ndicho mvuke unachofanya kwenye hadithi za njozi, za panga na uchawi. Hauuchukii uchawi, unauajiri tu. Uchawi ukishaajiriwa, hakuna anayeuogopa.

SUDI: Mimi naona ndipo hadithi inapoanza. Kiumbe aliyefungwa boilani anauliza haki yake. Hilo ni jambo zito kuliko joka la ishirini unalompiga ili uchukue sanduku.

REHEMA: Ni zito, lakini ni hadithi ya kiwanda. Watu wakija kwa ajili ya msitu usiwauzie kiwanda.

SUDI: Nani kasema wamekuja kwa ajili ya msitu? Kwenye gemu la kompyuta la World of Warcraft watu wanapanda treni ya vibwengo chini kwa chini kutoka mji wa binadamu hadi mji wa vibeti, wanashuka, wanakwenda kupigana na majoka. Sijasikia mtu akirudisha gemu kwa sababu ya reli.

REHEMA: Hiyo treni ni mapambo. Haina makaa, haina nauli, haijambadilisha mtu yeyote maisha. Afadhali gemu la Arcanum la 2001, wale walikuwa wakweli. Uchawi na mashine havipatani, mchawi aliyekubuhu anakataliwa kupanda treni kwa sababu akiwemo injini inaweza kuharibika. Pale dunia imechagua, na kuchagua kuna gharama.

SUDI: Kwa hiyo pale unakubali mvuke?

REHEMA: Pale nakubali kwamba ni hadithi ya ulimwengu wa panga unavyokufa. Na gemu la Skyrim nalikubali kwa sababu nyingine. Unashuka kwenye magofu ya watu wa kale waitwao Dwemer, mabomba bado yanafoka mvuke, mitambo inaamka na kukushambulia, na waliojenga walitoweka zamani, hakuna aliye hai anayejua kuijenga upya. Pale mvuke wenyewe ni muujiza. Nipe mvuke ambao hakuna fundi wake.

SUDI: Mimi fundi ndiye ninayemtaka! Sikiliza, Rehema. Karibu kila ulimwengu wa uchawi tunaoucheza, uchawi ni wa kuzaliwa nao, au wa aliyekaa chuoni miaka mingi akila cha baba yake. Mkulima yuko wapi? Yuko pembeni, anasubiri kuokolewa. Mvuke haumwulizi mtu babu yake nani. Maji, moto, chombo kigumu, basi. Yule mchezaji wangu mwenye kombeo hana uchawi hata chembe, na gololi zake ndizo zilizoliziba lile sufuria.

REHEMA: Mvuke hauulizi babu, unauliza mgodi. Una makaa? Una chuma? Una watu wa kushuka shimoni? Mwenye hivyo vyote ni nani kwenye ulimwengu wako? Ni bwana wa ile ile ngome. Mkulima wako ataishia kuwa mpakia makaa.

SUDI: Anaweza pia kuwa fundi.

REHEMA: Mmoja kati ya elfu.

SUDI: Kama wachawi tu, basi. Mmoja kati ya elfu. Ila huyu alijifunza.

REHEMA: Hapo hatuelewani.

SUDI: Hatuelewani, na sisogei.

REHEMA: Wala mimi. Mchezo wangu hauna reli, na atakayechemsha maji humo apike chai.

SUDI: Wasikilizaji, mmesikia udikteta.

REHEMA: Wamesikia. Saa inasemaje?

SUDI: Inasema tumekwisha. Na yale mambo matatu ya wajenzi wa ulimwengu?

REHEMA: Yako hapa, nimeyaandika vizuri kwa wino wa bluu, nimepigia mstari. Soma basi vichwa vyake.

SUDI: La kwanza, "Amua nishati inatoka wapi na nani anaibeba." La pili... Rehema, hii ni "valvu" au "salfa"?

REHEMA: Valvu. Nilitaka kueleza kwamba boila bila valvu ya usalama ni bomu, na ukiiweka kwenye ramani yako wachezaji wataiziba makusudi.

SUDI: Wangu wangeiziba kabla sijamaliza sentensi. La tatu ni refu, dakika hazipo.

REHEMA: Liache, litakaa kwenye daftari. Wiki ijayo ramani, kwa nini mito ya watu inapanda mlima. Sudi, zima kabla hujaanza ule wimbo.

SUDI: Ubeti mmoja tu.

REHEMA: Nazima mimi.