Ile Kazi Uliyoacha Haraka: Uiandike Kwenye CV ama Uiache?

Haya, watu wangu, habari za huko? Wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, wote nawaona. Leo sina video ya theluji wala ya supamaketi. Nimekuja kujibu swali moja kwa sababu limenichosha. Kila nikifungua komenti nalikuta: "Dada, nilifanya kazi mahali wiki tatu nikatoka. Nikituma CV huko majuu, watajua?" Mwingine anauliza hivyo hivyo, ila yake ilikuwa miezi miwili. Mwingine tena amepitia kwa WhatsApp ya mama yangu, na mama amenipigia simu kuniuliza kwa nini sijibu watoto wa wenyewe.

Sasa, najua kuna atakayesema naringa, ati kufika Minnesota, hapa Marekani, kumenifanya mwalimu wa kuomba kazi. Nikisema mambo ni magumu, mwingine ataandika, "Kama ni magumu rudi nyumbani, wacha kulialia." Hizo zote nishazisoma, jameni. Na mimi si wakili. Ninayosema ni yangu na ya watu ninaowajua. Yako inaweza kwenda njia nyingine kabisa.

Kwenye CV, kazi fupi kama hiyo unaweza kuiacha. Hakuna sheria inayokulazimisha uandike kila mahali ulipowahi kuripoti asubuhi. Shida ni kwamba hapa ukishatuma CV, mara nyingi wanakuletea fomu yao wenyewe ya maombi, na hiyo ndiyo ina meno. Juu inakwambia uorodheshe waajiri wako wote wa miaka fulani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ndogo, unatia sahihi kwamba yote uliyoandika ni kweli, na wakigundua vingine wanaweza kukufuta hata kama umeshakaa kazini miaka. Watu wanatia sahihi hapo kwa simu, wakiwa ndani ya basi, bila kusoma. Soma! Fomu ikisema "wote", basi ni wote. Ikisema "wanaohusiana na kazi hii", hapo uko na nafasi ya kupumua.

Halafu huko nyumbani kuna imani kwamba ukishapata namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani, mwajiri anabonyeza tu kompyuta anaona kila mahali umefanya kazi tangu ushuke kwa ndege. Haiendi hivyo. Rekodi za Social Security na za kodi hazifunguliwi mwajiri wa kampuni ya kawaida. Yeye analipa kampuni ya uchunguzi, ya kuhakiki historia za waombaji kazi, na hiyo inachukua ulichoandika, inapiga simu, inatuma barua pepe, pengine inaangalia pia kwa The Work Number, hifadhi ya taarifa ya kampuni ya Equifax ambako waajiri wengi, hasa wakubwa, wanapeleka taarifa za wafanyakazi na mishahara. Kama ile kazi yako fupi ilikuwa kwa kampuni kubwa, usishangae ukiikuta humo na tarehe zake. Kama ulikuwa unalipwa na mzee mmoja na mke wake kwa hundi ya mkono, inaweza isionekane popote. Ripoti yako mwenyewe ya The Work Number unaweza kuiomba bure. Mimi ningeiomba kabla ya kujaza fomu ya mtu, lakini hiyo ni mimi.

Na hawakuchunguzi kimya kimya. Iko sheria ya Marekani ya 1970, Fair Credit Reporting Act, ya mambo ya ripoti za uchunguzi wa watu, inayowataka wakwambie kwa maandishi na upate kukubali kwanza. Wakiona kitu cha kukunyima kazi, wanapaswa kukupa nakala ya ripoti kabla ya kuamua. Ukipinga, kampuni ya uchunguzi kwa kawaida ina siku 30 kurudia kuangalia. Siku 30, mtu wangu, na kodi ya nyumba inangoja.

Wale wa malori, kwenu hakuna mjadala. Kanuni zinataka dereva ataje waajiri wa miaka 3 iliyopita, na kama alikuwa akiendesha magari makubwa ya biashara, aongeze kazi hizo za uendeshaji za miaka mingine 7 nyuma yake. Na karatasi za uhamiaji ni hivyo hivyo. Fomu ya visa, DS-160, inauliza kazi zako za miaka 5. Ukija kuomba uraia, N-400 nayo inataka miaka 5. Usiandike hadithi moja kwa mwajiri na nyingine kwa serikali.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kazi kama hiyo hapa. Nyumba ya kutunza wazee, sitaitaja. Wakati wa kuajiriwa niliahidiwa saa 40 kwa wiki. Kuanza, ratiba inaingia kwa simu Jumapili usiku, unakuta umepewa zamu mbili, na moja inafutwa ukiwa umeshavaa sare, umesimama kituoni kwenye baridi. Hiyo sare nayo wamekukata kwa mshahara. Nilitoka. Kwenye CV yangu haiko na haitakaa iwe. Kwenye fomu ya kazi iliyofuata niliiandika, na pale kwa sababu ya kuondoka nikaweka: saa zilikuwa chache kuliko nilizoahidiwa. Yule mama aliyenihoji alisoma, akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama naweza kufanya wikendi. Basi.

Kilichonitesa ni kazi ya Nakuru! Kazi ya halali, miaka mizima nikiweka vitabu vya hesabu kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kitu najivunia. Kwanza ile fomu ya mtandaoni inataka msimbo wa posta. Naweka 20100 kama mtoto mzuri wa Nakuru, na mashine inanipeleka Virginia. Nafuta, inanirudisha Virginia. Pili, duka lilishafungwa. Kampuni ya uchunguzi inapiga namba niliyoandika saa nne asubuhi ya huku, ambayo wakati wa baridi ni saa moja jioni ya kwenu, na ile laini ya zamani ya mdosi ilishapewa mtu mwingine, mkulima wa Molo. Mzee wa watu anapigiwa na Wamarekani kila jioni akiulizwa kama ananijua. Mwishowe alinipata kupitia binamu yangu, akasema, "Mwambie huyo msichana mimi sina duka, niko na viazi."

Binamu yangu akaenda Kenyatta Avenue kuangalia kama kuna yeyote amebaki. Pale palipokuwa duka sasa kuna mtu wa kurekebisha simu. Nikawaambia hao wa uchunguzi kampuni ilifungwa. Wakaniambia nilete barua kutoka kwa kampuni inayothibitisha kwamba ilifungwa. Naomba muifikirie hiyo barua. Nani ataiandika?

Kilichoniokoa ni P9. Zile fomu za kodi mwajiri anakupa kila mwaka, ambazo wengine wenu mnafungia mandazi. Nilikuwa nazo kwa folda ya plastiki, pamoja na taarifa ya NSSF inayoonyesha michango mwezi kwa mwezi na jina la mwajiri. Wakakubali. Lakini wakati huo wote sikuwa nimeanza kazi, pesa ya akiba inaisha, na huko nyumbani kuna mtu ananiandikia kwamba tangu nije Marekani nimekuwa mgumu wa mkono. Unajua uko hapo? Nakusalimia.

Kwa hivyo mkiwa bado huko, chukueni karatasi mapema. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka. Hakimlazimu akusifu, lakini kina tarehe na kazi uliyofanya, na uchunguzi unataka hayo tu. Waajiri wa huku nao wengi wakiulizwa wanathibitisha tarehe na cheo pekee, wanaogopa kesi. Kwa hivyo ukiogopa kwamba yule meneja aliyekuchukia atamwaga maneno, mara nyingi hapati hata nafasi.

Sasa wewe wa Kondele, Kisumu, uliyeniuliza kuhusu zile wiki tatu. Hicho kifungu kinahesabu kuanzia wiki nne mfululizo, kwa hivyo mwajiri wako hana lazima ya kukuandikia chochote. Kwa CV, mimi ningeiacha. Fomu ikiuliza wote, weka jina la kampuni, tarehe, na sababu kwa mstari mmoja bila kumtukana mtu. Ule ujumbe wa M-Pesa wa malipo usiufute.

Na jambo lingine, kuna mtu anatumia picha yangu kule Facebook akiwaambia watu walipe ada ya usajili awatafutie kazi Minnesota. Mimi si ajenti, sina nafasi za kazi, sijawahi kumwomba mtu hata shilingi. Mkimwona, ripotini hiyo akaunti. Zamu yangu inaanza, wacha nikimbie.