Kabla Hujaongeza Kifurushi, Angalia Chaneli

Ndugu zangu, nimelisema hili Iyunga, nikalisema Uyole, na leo hapa Mwanjelwa, Mbeya, nalirudia: waifai ikisuasua, msikimbilie kununua kifurushi kikubwa. Hela inakwenda na video inaendelea kukwama, kwa sababu tatizo liko ndani ya nyumba.

Anzeni na chaneli, yaani njia ambayo ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, hutumia hewani. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, chaneli moja na inayofuata zimeachana megahezi 5 tu, ilhali ruta moja inatumia kama megahezi 20. Ndiyo maana zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11.

Nilikwenda nyumba moja ya kupanga huko Soweto ya hapa Mbeya, vyumba vimebanana na karibu kila mpangaji ana ruta yake. Kijana mmoja aliona 1 na 6 zimejaa, akajiweka 3, akiamini pale katikati hapana mtu. Nikafungua programu ya kupima mawimbi kwenye simu. Mchoro wa mtandao wake ulikuwa umelalia ile ya chaneli 1 huku na ya chaneli 6 huku.

Najua mtasema: si afadhali kukaa peke yangu kuliko kubanana na watu? Hapana! Ruta zilizo chaneli moja zinasikilizana. Moja ikituma, nyingine inasubiri zamu. Lakini aliyekaa 3 anawafikia wa 1 na wa 6 kama kelele tu. Data inaharibika, inatumwa upya, inaharibika tena. Anaumia yeye, na anawaumiza majirani ambao hata hawajui kosa ni la nani. Tulimhamishia 11, ambako kulikuwa na mtandao mmoja tu, hafifu, wa nyumba ya pili. Video ikatembea, na chumba cha jirani nako malalamiko yakapungua. Hakuna aliyelipa hata shilingi.

Kuna anayeniuliza kila mara kuhusu maikrowevu. Ni kweli, inafanya kazi kwenye gigahezi 2.45, lakini inasumbua pale tu inapopasha chakula. Kuta zetu za matofali ya kuchoma zinasumbua saa zote. Bati na simtanki lenye maji ndiyo kabisa. Mama, naelewa sebule inapendeza ruta isipoonekana, ila ukiifungia kabatini nyuma ya friji usitegemee ifike chumbani. Itoe, iweke juu, katikati ya nyumba. Ikiwa na gigahezi 5, itumieni: haipenyi kuta vizuri, na kwenye nyumba za kubanana hiyo ni faida, maana mawimbi ya jirani hayakufikii kirahisi.

Muda unanibana, na bado ulinzi. Kuficha jina la mtandao hakusaidii. Orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa, nayo ni kinga dhaifu, kwa kuwa anwani hizo hupita hewani waziwazi na mtu anaweza kuziiga. Kwenye mipangilio ya ruta, chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3, unaofunga data kwa pasiwedi. Badilini pasiwedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, siyo ya waifai peke yake. Wageni wapeni mtandao wa wageni. Na WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba fupi bila pasiwedi, nawaomba, zimeni leo hii: namba yake ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 tu yanatosha kuipata. Udhaifu huo ulitangazwa hadharani tangu 2011, na bado ninakuta ruta zimeuacha wazi. Haya, maswali.