Kumalizia gauni la jinzi kuukuu na shati

Haya, karibuni tena. Gauni lenyewe hili hapa mezani. Kushonwa limeshashonwa, ila kumalizika bado. Juu ni shati la kiume la pamba, chini ni suruali mbili za jinzi nilizozifumua na kuziunganisha vipandevipande. Kwa mbali linapendeza. Ngoja nisogeze kamera. Umeona? Nyuzi zinaning'inia, pindo halijakunjwa, na hapa ubavuni kuna mstari mweupe pale mshono wa zamani ulipokuwa. Leo kazi yetu ni hayo tu.

Geuza gauni, ndani kuwe nje. Kama gauni ni mradi wako wa darasani, anayeusahihisha naye atafanya hivyohivyo, basi mtangulie. Punguza kingo za mishono zibaki kama sentimita moja na nusu, kisha piga ovaloki, yaani mashine inayozungushia ukingo nyuzi usichambuke. Kama huna ovaloki, zigizaga, mshono wa kwenda huku na huku, ya cherehani ya kawaida inatosha. Angalia sindano: pigo moja litue kwenye kitambaa, pigo la pili litue nje kidogo ya ukingo, ndipo uzi uukumbatie. Ukishonea ndani sana, jinzi itaendelea kuchambuka.

Hapa kiunoni, shati linapokutana na jinzi, usikate kingo zote mbili sawa. Ukingo wa jinzi uwe mfupi kuliko wa shati, kama nusu sentimita. Ukiziacha sawa, kwa nje litatokea tuta kama mkanda uliojificha.

Sasa pasi. Kwenye mshono pasi haisuguliwi: unaibonyeza, unainyanyua, unaisogeza. Bonyeza kwanza mshono ukiwa umelala kama ulivyoshonwa, halafu ufungue, ubonyeze tena. Juu ya jinzi tandika kitambaa chepesi cha pamba chenye unyevu, isije ikang'aa.

Tuje kwenye huu mstari mweupe, maana ndio unaowasumbua wengi. Matundu ya sindano ya zamani yanazibika: yalowanishe, kwaruza kwa ukucha kwenda na kurudi, hivi, kisha piga pasi ya mvuke. Tazama, nyuzi zinasogeleana. Lakini rangi iliyopauka hairudi. Nili, ile rangi ya buluu, hushika nje ya uzi wa jinzi, kiini kikabaki cheupe. Panaposuguliwa miaka na miaka, weupe unajitokeza. Niliwahi kuupaka mstari kama huu kwa kalamu ya wino wa buluu, nikajiona mjanja. Kwenye taa za jukwaa ukawa wa zambarau.

Kwa hiyo chagua moja. Ama uufunike kabisa, kwa mfuko au kiraka, ama uuonyeshe kama ulivyokusudia. Mimi nauonyesha. Nachukua uzi mnene mweupe na kushona kwa mkono mishono mirefu, milimita tano hivi, nikiufuata mstari mwanzo hadi mwisho, halafu narudia upande wa pili ili pande zote mbili zifanane. Hilo la pande mbili usiliruke. Ukiacha upande mmoja tu, mtu ataona umeficha kosa.

Pindo. Kama vipande vya sketi umevikata mshazari, tundika gauni usiku kucha kabla ya kupima, kwa sababu vitashuka, tena si kwa kiwango kimoja. Kesho yake, atakayelivaa alivae na viatu vyenyewe, asimame wima, nawe upime kwa rula kutoka sakafuni kwenda juu, ukitia alama za chaki kuzunguka mwili. Usipime kutoka kiunoni, kwa maana nyonga za watu hazilingani. Kunja sentimita moja, kunja tena moja na nusu, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia, kisha shona kwa sindano namba 16 na mshono wa milimita tatu na nusu.

Cherehani itagoma pale mishono minene inapokutana. Usiisukume. Weka kibao chini ya pindo, gonga kwa nyundo mara tatu nne mpaka unene ulale. Kisha kunja kipande cha jinzi, kiweke nyuma ya mguu wa cherehani ili mguu ukae sawa unapopanda, na hapo zungusha gurudumu kwa mkono. Nimevunja sindano nyingi kabla sijakubali kwenda polepole hapo.

Vifungo havina maneno mengi. Vya shati kuukuu karibu vyote vimelegea, basi vishone upya, vyote. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, shona ukipitisha uzi juu yake, kisha kichomoe. Vuta kifungo juu, zungushia uzi chini yake, kati ya kifungo na kitambaa, mara tatu, funga.

Vaa gauni. Kaa, inama, nyanyua mikono. Kikilia kitu, afadhali kilie leo. Pitisha kiganja ndani ya mishono yote ukitafuta pini. Kwenye daftari la mradi bandika picha za nguo zilivyokuwa kabla hujazikata, pamoja na kipande kidogo cha kila kitambaa. Hizo picha kama hukuzipiga mwanzoni, huwezi kuzipiga tena.

Litundike, lizunguke taratibu ukiwa na mkasi mdogo mkononi. Ukiona uzi umening'inia, usiuvute. Ukate.