Semina ya mfumo imeisha, kozi bado tupu

REHEMA: Haya karibuni tena jamani, mi Rehema, niko na mdogo wangu Salum, tupo Sinza, na mkisikia bajaji kwa nyuma mtuvumilie, dirisha hatulifungi na joto hili.

SALUM: Utafunga dirisha Dar es Salaam mwezi huu, unataka tufe? Sasa dada, leo tuko kwenye kazi yako kabisa. Wewe unawafundisha wahadhiri mifumo ya kufundishia, mi ni mhadhiri msaidizi nakaa upande ule wa wanaofundishwa. Swali langu ni moja, hizi semina zinafanyika kila mwaka, mabango yanatundikwa, picha zinapigwa, alafu ukifungua Moodle ya chuo, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, unakuta kozi nyingi zina jina tu na hamna kitu ndani. Kwanini?

REHEMA: Kwasababu tunafundisha vitufe. Nikuelezee siku yenyewe ilivyo. Saa tatu watu wanasaini mahudhurio, mgeni rasmi anachelewa, anakuja anaongea, chai ya saa nne imefika. Baada ya chai ndo watu wanafungua laptopu, wote kwenye wifi moja, nusu wamesahau paswedi, ukitaka kuibadilisha mfumo unatuma linki kwenye imeili ya chuo, na imeili ya chuo nayo paswedi yake imesahaulika maana Dokta anatumia ya Gmail miaka yote. Hapo saa sita hiyo.

SALUM: Na mtu wa TEHAMA yuko mmoja anazunguka meza hadi meza.

REHEMA: Mmoja, na simu yake inaita kutoka ofisini. Kwahiyo lisaa lililobaki mwezeshaji anasimama kwenye projekta, bonyeza hapa, bonyeza pale, ongeza faili, seivu. Wali kuku umeliwa, feni inazunguka, watu wanasinzia, saa kumi cheti.

SALUM: Alafu mwaka kesho mfumo unabadilishwa, vile vitufe havipo.

REHEMA: Eh, na hilo watu wengi hawalijui. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza na mfumo wa WebCT, ikaja Blackboard, ambayo ndo iliinunua WebCT mwaka 2006, baadaye wakahamia Moodle. Yaani mwalimu aliyekariri vitufe vya mwanzo kaanza upya mara mbili. Ila aliyejifunza jinsi ya kupanga wiki zake, jinsi ya kutunga maswali mafupi ya kumpima mwanafunzi kabla ya mtihani, huyo kahama na ujuzi wake.

SALUM: Na Moodle ni bure si ndio? Mana kuna mtu aliniambia chuo kinalipia mamilioni.

REHEMA: Leseni bure, imetengenezwa na Martin Dougiamas kule Australia, toleo la kwanza rasmi 2002, yeyote anaweza kuishusha. Gharama iko kwenye seva na watu. Na mi naona kwenye watu ndo tunabana hela. Ule mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu, wa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, watu wanaona majengo yanapanda tu ila una mambo ya TEHAMA na kuendeleza walimu pia. Sasa vifaa vitakuja, atakayekaa na mwalimu mezani nani?

SALUM: Twende kwa maprofesa. Mi naona wanaogopa.

REHEMA: Hawaogopi kompyuta bana, wanaogopa kuaibika. Umemkalisha Profesa meza moja na kijana aliyemfundisha juzi juzi tu, unategemea anyooshe mkono aulize jinsi ya kuapulodi? Anachofanya anampa kijana paswedi, "wewe nifanyie hiyo". Kijana anafanya vizuri sana, kozi inapendeza, alafu kijana anapata skolashipu anaenda zake Ujerumani kusoma masta, kozi imebaki yatima.

SALUM: Hahaha hiyo naijua, nimeshakuwa huyo kijana, ila skolashipu ndo sijapata.

REHEMA: Itakuja. Kwahiyo wakubwa nakaa nao ofisini kwao, mlango umefungwa, na tunafanya kozi yake mwenyewe siyo kozi ya mfano. Kuna wasomi wawili waliokuwa chuo cha Michigan State kule Marekani, Mishra na Koehler, waliandika 2006 kwamba mwalimu anahitaji kujua somo, kujua kufundisha na kujua teknolojia, na kazi yenyewe iko pale vitu vitatu vinapokutana. Mi naona wako sahihi, mwalimu wa anatomia Muhimbili anahitaji picha anazoweza kuzikuza na kuziwekea majina, wa sheria anahitaji sehemu ya watu kubishana kwa maandishi, sasa ukiwaweka ukumbi mmoja uwafundishe kuapulodi PDF umewafundisha nini?

SALUM: Lakini PDF yenyewe pia ni shida dada. Ngoja, nafungua hapa kwenye simu kozi moja niliyoirithi. Enhe. Faili la kwanza linaitwa "lecture new final 2". La pili "lecture new final 2 edited". Nashusha... MB 60!

REHEMA: Hayo ni mapicha ya kurasa za vitabu yamepigwa kwa simu yakabandikwa kwenye slaidi. Sasa piga hesabu, darasa la watu 400, kila mmoja ashushe hiyo MB 60, ni kama GB 24 za mabando ya wanafunzi kwa mhadhara mmoja, na bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka. Wanachofanya, siiaa, yaani kiongozi wa darasa, anashusha yeye, anapeleka steshenari pale nje ya geti, wote wanatoa kopi. Mwalimu anasema vijana hawaingii kwenye mfumo. Waingie na nini? Ukizipunguza zile picha ndani ya PowerPoint kabla hujaseivu PDF, faili linaweza kushuka likawa MB tatu nne, ni dakika mbili tu. Na app ya Moodle inaruhusu ashushe vitu akiwa kwenye wifi ya chuo akasome Mbagala bila bando. Semina nyingi hilo halitajwi kabisa.

SALUM: Kwasababu mwezeshaji anafundishia laptopu.

REHEMA: Umeona? Mi saivi naanza hapo, kila mwalimu atoe simu, azime wifi, aingie kwenye kozi yake kama mwanafunzi. Kuna sehemu ya kubadili ujione kama mwanafunzi. Wanashtuka, "kumbe hii haionekani?" Kitu kilikuwa kimefichwa tangu semesta ianze.

SALUM: Ila korona si ingetufundisha hayo? Vyuo vilifungwa Machi 2020.

REHEMA: Tukafungua Juni mosi. Watu walipoanza tu kuhangaika na Zoom, tukarudi madarasani, chaki mkononi, imeisha.

SALUM: Alafu tuseme ukweli, mi nikitengeneza kozi safi mtandaoni hainisaidii sana kwenye kupanda cheo, machapisho ndo yana nguvu. Usiku nina masaa mawili, niandike makala au nirekodi video?

REHEMA: Utaandika makala, na sikulaumu. Ndo mana naomba wakuu wa vitivo wanipe watu kumi na tano tu, wiki mbili kabla ya semesta, kila mtu na kozi yake, alafu niwarudie wiki ya nne mambo yakishaharibika.

SALUM: Na posho?

REHEMA: Nauli na chakula.

SALUM: Dada, hapo utabaki na mimi na fundi wa projekta.

REHEMA: Fundi wa projekta aje, ndo tunamhitaji kuliko mgeni rasmi.