Kaisari aliyejichukulia manaiti wa Malta

Nianze na ukuta. Pale Gatchina, mji mdogo kusini ya St. Petersburg, Urusi, kando ya ziwa kuna jumba linaitwa Priori, ukiliona kwenye picha utasema ngome ya mawe hii, mnara mrefu, paa kali. Kumbe sehemu kubwa ya kuta zake ni udongo! Jamaa mmoja Nikolai Lvov aliushindilia safu kwa safu ndani ya fremu za mbao, akamaliza 1799, na mpaka leo limesimama. Sisi tunaojua nyumba ya udongo tukiambiwa hii imekula theluji zaidi ya miaka 200 tunaguna, lakini ipo. Sasa swali ni lilijengwa kwa ajili ya nani, manake mwenye nyumba hakuwa Mrusi, lilikuwa la manaiti wa Malta, yaani askari watawa, shirika la kitawa la Kikatoliki, chini ya Papa. Na aliyewajengea ni Kaisari Paul wa Kwanza wa Urusi, Mwothodoksi, mwenye mke na watoto kumi.

Hawa manaiti tusiwachukulie poa. Walianza Jerusalem wakihudumia mahujaji wagonjwa, Papa akawatambua rasmi 1113, baadaye wakashika na upanga, wakafukuzwa Nchi Takatifu, wakakaa kisiwa cha Rhodes, wakafukuzwa na huko, mwisho 1530 wakapewa kisiwa cha Malta kwa kodi ya mwewe mmoja kwa mwaka, ndege huyu wa kuwindia. Mwaka 1565 jeshi la Waturuki likawazingira karibu miezi minne na hawakuvunjika. Halafu, nisikilizeni hapa, 1798 Napoleon, jenerali wa Ufaransa, akapita na meli zake akielekea Misri, ikachukua siku tatu tu wakasalimu amri. Siku tatu! Lakini kuta hazikuwa na kosa. Zaidi ya nusu ya manaiti walikuwa Wafaransa wanaoambiwa wapigane na Wafaransa wenzao, na mapinduzi ya kule kwao yalishataifisha mashamba ya shirika tangu 1792, kwa hiyo hela hamna, na wananchi wa Malta wenyewe walishawachoka.

Tumrudie Paul. Huyu bwana mama yake ni Catherine, malkia wa Urusi, yule aliyempindua mumewe 1762, na mume akafa siku chache baadaye akiwa kifungoni. Mtoto akakua na hilo moyoni. Alipopata kiti Novemba 1796, akiwa na miaka 42, cha kwanza alifukua mwili wa baba yake akauzika upya kwa heshima ya kifalme, yaani mtu wa heshima, viapo, gwaride, mtu anayeamini dunia imeharibika kwa sababu watu wameacha kuogopa madhabahu na kiti cha enzi. Sasa mtu kama huyo umletee naiti wa kweli mlangoni, utamzuia vipi? Na aliletewa, Giulio Litta wa Milano, ambaye alishawahi kuitumikia navy ya Urusi. Shirika lilikuwa na mali zake Poland, Poland ikagawanywa, zile mali zikaangukia upande wa Urusi, Litta akaja kuzidai. Januari 1797 wakasaini mkataba, Paul akarudisha na kuongeza, akapewa cheo cha mlinzi wa shirika. Mpaka hapo hakuna shida, mfadhili ni mfadhili.

Shida ilianza Malta ilipoanguka. Manaiti waliokuwa St. Petersburg wakamvua uongozi mkuu wao Hompesch, wakamwita msaliti, na tarehe 7 Novemba 1798 wakamchagua Paul awe Mkuu wa Shirika. Ni kama jumuiya ya parokia imchague shehe wa mtaa wa pili awe mwenyekiti wao kwa sababu ndo mwenye gari na jenereta. Najua mfano wangu umezidi kidogo. Papa Pius wa Sita, mwenyewe kashanyang'anywa Roma na Wafaransa, hakukubali, ila angefanya nini, na Paul ndo alikuwa na jeshi. Mimi nasema wazi, kisheria uchaguzi ule haukuwa na miguu, ila kwa vitendo Mkuu alikuwa yeye, na wengi walimtambua kwa jina hilo.

Na alivyokolea! Akatenga nafasi 98 za ukamanda ndani ya shirika kwa ajili ya Waothodoksi, msalaba wa Malta ukabandikwa mpaka kwenye nembo ya taifa, misalaba ikagawiwa hata kwa wanawake, Emma Hamilton yule mpenzi wa Nelson, amirali wa Uingereza, akapata wake. Waingereza walipowatoa Wafaransa Malta, Septemba 1800, Paul akasubiri akabidhiwe kisiwa. Wapi! Akapandwa na hasira, akakamata meli za Uingereza zote bandarini kwake, mabaharia wakawekwa ndani. Usiku wa 23 Machi 1801 maofisa wake mwenyewe wakamuua chumbani, kwenye kasri alilojijengea kwa kuogopa kuuawa, hajamaliza hata miezi miwili humo.

Mwanaye Alexander akabaki mlinzi tu, cheo cha Mkuu akakikataa, na 1803 Papa akateua Mwitaliano, Tommasi. Msalaba ukatoka kwenye nembo. Lile shirika lenyewe likahamia Roma 1834 na lipo hadi leo na mabalozi wake. Ila zile nafasi 98 za ukamanda ndo mlango wanaopitia matapeli wa vyeti vya unaiti mpaka kesho, ati urithi wa Urusi, lipia upewe joho.

Ndiyo, mama pale mbele. Kama Paul aliwahi kufika Malta? Hapana. Karibu kabisa ilikuwa 1782, kabla hajatawala, anazunguka Ulaya na mkewe kwa jina la bandia. Wakafika Napoli, wakageuza.